Daftari la Getini

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, nilimkuta binti mmoja amesimama nje ya geti la chuo, na pembeni yake makreti manne ya maembe yaliyoshushwa alfajiri kutoka kwenye basi la usiku la Arua. Kreti la chini lilikuwa limeanza kuvuja, na mchirizi mwembamba wa maji ya embe ulikuwa umeshafika kwenye kiatu cha askari. Askari hakuwa mkali. Alikuwa ameshika kitambulisho cha binti yule kwa vidole viwili, akikigeuza huku na huku kana kwamba tarehe iliyochapishwa nyuma yake ingeweza kubadilika.

"Mama, hii imekwisha tangu mwezi uliopita," aliniambia aliponiona, kwa Kiswahili kile cha kambini ambacho walinzi wengi wa Kampala hukizungumza. "Huyu si mwanafunzi tena."

"Lakini afande, mashine ya kukaushia ninayotumia iko ndani, na maembe haya hayafiki kesho," binti alisema.

Askari alifungua daftari lake kubwa juu ya meza ya mbao. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula: jina, anakotoka, anakwenda kwa nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mwishoni kulikuwa na safu tatu nyembamba za kutia alama: mwanafunzi, mfanyakazi, mgeni. Mgeni lazima awe na mwenyeji ambaye ni mfanyakazi, na wafanyakazi wa idara ile hawakuwa wamefika. Mimi nisingeweza kumwombea, kwa kuwa mimi mwenyewe huandikwa mgeni kila ninapoingia.

"Sasa nikuandike nani?" askari akamuuliza.

Mwenyeji alipatikana saa nne na robo. Kufikia hapo kreti la chini lilikuwa halifai tena. Wiki sita zimepita, na swali la yule askari halijaniacha.

## Nisichomuuliza

Mwaka mmoja na nusu kabla ya asubuhi hiyo, nilikaa kwenye meza ya majaji katika ukumbi wa chuo hichohicho, ambacho sitakitaja kwa sababu jambo hili lingeweza kutokea katika vyuo vyetu vingi. Kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, na kila muhula hualikwa kuwafundisha vijana wa kituo atamizi, yaani mahali chuo kinapolea biashara za wanafunzi wake, namna ya kutunza hesabu za biashara changa, ndiyo maana wananiita Mwalimu ingawa sina darasa la kudumu.

Binti huyo, mzaliwa wa Arua kama mimi, alipanda jukwaani bila slaidi hata moja. Alitoa kipande cha embe kavu kwenye mfuko, akakikunja katikati mbele yetu mpaka ncha zikagusana, kisha akakiachia. Kilijikunjua polepole bila kupasuka. Akatuonyesha vidole vyake, vilikuwa vikavu. "Kikivunjika, nimekikausha kupita kiasi," alisema. "Kikinata vidoleni, kitaota ukungu dukani kabla mwezi haujaisha." Alieleza kwamba kilo kumi za maembe mabivu, ukishaondoa ganda, kokwa na maji, hukuachia kilo moja hivi ya kuuza, na kwamba ukipandisha joto ili kuokoa saa mbili, uso wa kipande hujifunga na unyevu hubaki umefungiwa ndani, usionekane mpaka mteja aurudishe mfuko.

Nilimuuliza gharama ya mfuko mmoja, na akanitajia mpaka bei ya lebo. Nilimuuliza bei ya jumla, nayo alikuwa nayo. Nilimpa alama za juu kuliko wote, nikapiga naye picha, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Sikumuuliza akishahitimu atakaushia wapi.

Hakuna jaji aliyeuliza. Tulimpima kana kwamba mashine aliyoitumia ilikuwa sehemu ya mwili wake, kitu atakachoondoka nacho siku ya mahafali pamoja na joho. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza mali ni ya nani na iko wapi, nilipaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo, na nimejilaumu kwa dhati.

## Chumba kilichokuwa anwani

Tunaposema chuo kimempa kijana nafasi, kwa kawaida tunamaanisha meza, kiti, umeme na intaneti. Kwa mwandishi wa programu za simu, hayo kweli hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na Kampala imeyatoa kwa wingi hata nje ya vyuo tangu Hive Colab ilipofungua milango yake mwaka 2010, ikafuatiwa na Outbox na baadaye Innovation Village. Kijana mwenye kompyuta mpakato akifungiwa mlango asubuhi, mchana ataendelea na kazi yake mahali pengine. Atapoteza nauli na pengine hasira kidogo, lakini kazi yake iko mkobani.

Anayetengeneza chakula hana mkoba wa namna hiyo. Anahitaji sakafu inayoosheka, maji yanayotoka na yenye pa kwenda, madirisha yenye nyavu, stoo iliyotengwa na mahali pa kukatia matunda. Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, linapoombwa alama ya ubora, ile herufi Q ambayo wanunuzi wa supamaketi huitafuta kwenye mfuko kabla hata ya kuonja, haliangalii sampuli peke yake. Wakaguzi hufika mahali bidhaa inapotengenezwa, wakaangalia kuta, maji, mikono na kumbukumbu. Kwa hiyo kibali kinafungamana na mahali.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kilichotokea getini. Chuo hakikuwa kimempa binti chumba tu, kilikuwa kimemwazima anwani. Lebo yake ilikuwa na jina la chuo, maombi yake UNBS yaliandikwa kwa jengo la chuo, na duka moja la Ntinda lilikuwa limemkubalia mifuko arobaini kwa wiki kwa sababu mwenye duka aliposoma jina la chuo alitulia moyo. Tarehe ya kitambulisho ilipofika, binti hakupoteza saa chache za kikaushio peke yake. Jengo lililotajwa kwenye lebo na kwenye maombi halikuwa lake tena kuingia, na mwenye duka alianza kuuliza maswali mapya. Kuhamisha kazi kulimaanisha kuanza ukaguzi upya, kwingine, kwa fedha ambazo biashara ilikuwa haijazipata.

Ndiyo maana navithamini sana vituo vyenye mashine halisi, kama kile cha teknolojia ya chakula cha Makerere, au karakana za Taasisi ya Utafiti wa Viwanda, UIRI, kule Nakawa. Kujenga chumba cha namna hiyo ni ghali mno kwa mtu mmoja anayeanza, tena mara nyingi benki zetu hudai riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Hata hivyo, thamani ileile inayokifanya chumba hicho kuwa msaada mkubwa ndiyo inayokifanya kuwa hatari kwa anayetegemea kuingia kwake kwa kadi ya mwanafunzi.

## Msimamizi ana hoja

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa msimamizi wa kituo nikiwa nimebeba maneno makali. Nilitoka nikiwa nimeyapunguza sana.

"Dada, mimi si adui wa huyu binti," aliniambia. "Kikaushio ni kimoja. Nina vijana kumi na mmoja kwenye orodha ya muhula huu. Yeye akibaki, nani nimwambie asianze?" Kisha akafungua kabati, akatoa faili la ukaguzi wa mwaka uliotangulia, akaniwekea mbele ukurasa mmoja. Mkaguzi wa hesabu alikuwa ameuliza kwa nini mali ya umma ilitumiwa na mtu asiye mwanafunzi wala mfanyakazi, nani alilipia umeme, na nani angewajibika iwapo mtu huyo angeungua mkono.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Nimewahi kuandika hoja za namna hiyo kwa kalamu yangu mwenyewe, katika ofisi nyingine, na nilizitetea kwa sababu zilikuwa halali. Mali ya umma isiyokuwa na mpaka huishia mikononi mwa wenye jamaa. Tukifungua mlango kwa kila mhitimu, kesho atakayeingia ni mpwa wa mkubwa fulani na biashara yake ya miaka kumi, naye kijana wa mwaka wa pili atasubiri nje.

Kwa siku kadhaa nilidhani mjadala umekwisha, kwamba binti alipewa muda wake na muda ukaisha, na kwamba mimi nilikuwa nimeguswa na harufu ya maembe yaliyoharibika kuliko na haki.

## Mayai ya bata

Kilichonirudisha ni neno lenyewe. Kituo atamizi. Tunalitamka kila siku bila kulisikia.

Kituo cha kwanza cha aina hii kinachotajwa mara nyingi kilianzishwa mwaka 1959 huko Batavia, mji mdogo wa jimbo la New York nchini Marekani, baada ya kiwanda kikubwa cha zana za kilimo kufungwa na watu wengi kupoteza kazi. Joseph Mancuso aliligawa jengo hilo kwa vyumba, akawapangisha wafanyabiashara wadogo, na mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa kampuni ya kuangua vifaranga. Mancuso akitembeza wageni alifanya mzaha kuhusu vifaranga hao, na jina likabaki. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba watu wa Batavia walikuwa wapangaji. Walilipa kodi, walikuwa na mkataba, na hakuna aliyewauliza wako mwaka wa ngapi.

Nasi tunaijua habari ya kuatamia kuliko wengi. Mama yangu kule Arua alikuwa akimwatamisha kuku mayai ya bata, kwa kuwa kuku wake mmoja alikuwa mtulivu kupita bata wote. Kila mtu aliyefuga anajua hesabu yake: mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, na ya bata wale wa uani wenye uso mwekundu huchukua kama wiki tano. Kuku akichoka katika wiki ya nne akainuka, yai lililokuwa na uhai litapoa, na ukilipasua utamkuta kifaranga mwenye manyoya. Mama alikuwa akimtenga kuku huyo pembeni ya jiko, akampelekea maji na mtama pale pale alipo, asipate sababu ya kuondoka.

Vyuo vyetu vinaatamia kwa kalenda ya masomo. Muhula wa Makerere ni wiki 17, na programu nyingi za kulea biashara hupimwa kwa muhula mmoja au miwili. Utafiti wa kimataifa wa ujasiriamali, GEM, ambao mwaka 2014 ulikuta zaidi ya thuluthi moja ya watu wazima wa Uganda wako katika biashara za hatua za mwanzo, huihesabu biashara kuwa changa mpaka ipite miezi 42 tangu ianze kulipa mtu yeyote ujira. Miaka mitatu na nusu. Shahada nyingi huisha kabla, tena mwanafunzi haanzi biashara siku ya kwanza ya masomo.

Tuangalie hata yale tunayojivunia. Kifaa cha Matibabu, cha kupima malaria bila kutoa damu, kilianzishwa na vijana wa Makerere baada ya mmoja wao, Brian Gitta, kuumwa na vipimo vya damu vikashindwa kuuona ugonjwa wake mara kadhaa. Kifaa hicho kilishinda tuzo katika mashindano ya wanafunzi ya Microsoft, Imagine Cup, mwaka 2013. Tuzo kubwa ya uhandisi barani Afrika, ile ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza yenye pauni 25,000, aliipata mwaka 2018. Kati ya tuzo hizo mbili ni miaka mitano, na katika miaka hiyo mwanafunzi hukoma kuwa mwanafunzi.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, ujasiriamali na Kiswahili viliingia pamoja katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Nilifurahia yote mawili. Maana yake, lakini, ni kwamba watakaofika vyuoni na mawazo ya biashara watakuwa wengi zaidi kuliko sasa, na geti ni lilelile.

## Kona ya Kisenyi

Kwa kuwa chuo kilikuwa hakijatoa jibu, tulikwenda Kisenyi, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kuulizia bei ya kikaushio. Fundi wa tatu tuliyemwona alikuwa mtu mzima, mtaratibu, aliyetuchorea chaki sakafuni kabati la chuma la trei kumi, akaonyesha hewa moto itakapoingilia na itakapotokea. Alitaka shilingi milioni nne na laki tano. Binti alipiga magoti kando ya mchoro akafuta mstari mmoja kwa kiganja, akasema hewa ikipita hapo trei za juu zitakauka na za chini zitaoza. Fundi alimtazama, akamkabidhi chaki.

Walipokuwa wakichora, niliangalia kona ya karakana ambako kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akichomelea mlango. Alikuwa na meza yake, rafu yake na kufuli yake. Nilimuuliza fundi kama ni mwajiriwa wake.

"Hapana," alisema. "Huyu ni mwanafunzi wangu aliyemaliza. Kazi anaijua zamani. Sasa anamalizia kupata wateja."

Nikamuuliza anakaa kwa utaratibu gani. Alinieleza bila kulifikiria sana: kijana hununua rodi zake mwenyewe, hulipa sehemu ya umeme kila Jumamosi, na mteja akija kumuulizia yeye kwa jina mara nyingi kuliko anavyoulizwa mwenye karakana, hapo watakaa waongee habari ya kuhama.

Nilisimama pale na vumbi la chuma puani, nikaona kwamba karakana ile isiyo na daftari ina safu ambayo daftari la chuo halina. Kujua kazi na kupata wateja ni vipindi viwili, na fundi amevitenganisha kwa jina, kwa malipo na kwa kipimo cha kuondoka. Chuo kinakijua kipindi cha kwanza tu. Cha pili kinampata binti akiwa mgeni.

Tena jibu la fundi lilijibu hoja zote za msimamizi. Umeme unalipwa. Wajibu unajulikana. Muda una mwisho, ila mwisho huo unapimwa kwa wateja.

## Safu ya nne

Nilimwandikia msimamizi barua ya kurasa mbili. Sikuomba huruma. Nilipendekeza chuo kitambue kundi la wapangaji wahitimu, watu ambao kampuni zao zimesajiliwa kwa msajili wa kampuni, URSB, na zina namba ya mlipakodi, TIN, wenye mkataba ulioandikwa, wanaolipa kwa saa ya mashine kiasi kinachofidia umeme na uchakavu, na wanaotumia usiku, Jumamosi na likizo, saa ambazo mimi na yeye tunajua kwamba kikaushio kile hulala baridi. Nilikokotoa gharama ya saa moja na kuiambatisha. Sheria ya Kampuni ya 2012 inamruhusu hata mtu mmoja peke yake kusajili kampuni, kwa hiyo sharti hilo halimfungii mlango kijana asiye na wenzake.

Nilimkumbusha pia kwamba uhusiano wa chuo na kazi za wanafunzi wake unaweza kuandikwa kwa njia nyingine kabisa. Gari dogo la umeme la Kiira, lililojengwa na wanafunzi na wahadhiri wa Makerere na kuendeshwa hadharani mwaka 2011, halikuachwa liishe na shahada za waliolijenga. Lilizaa kampuni ya Kiira Motors, ambamo serikali ina asilimia 96 ya hisa na Makerere asilimia 4. Najua maembe makavu si gari, na sitarajii serikali inunue hisa za mifuko ya matunda. Ninachosema ni kwamba pale ambapo jambo lilionekana kubwa, jina la kisheria lilipatikana haraka. Biashara ndogo nayo inastahili kuwa na jina getini.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Pendekezo la mkataba limepelekwa kwenye kamati, ambayo hukutana mara moja kwa muhula. Kwa sasa, binti ameruhusiwa Jumamosi nne, kwa barua ya msimamizi mwenyewe, akilipia saa zake. Nilipompigia simu kumpa habari alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hizo Jumamosi nne zinaweza kuanza mara moja, kwa sababu msimu wa Arua unaisha.

Wasiwasi wangu haujaisha. Kamati inaweza kulirudisha pendekezo. Binti ameanza kulipia chumba huko Arua, karibu na wakulima, na sakafu ya saruji imemwagwa wiki iliyopita. Kikaushio cha Kisenyi kimelipiwa nusu. Chumba na kikaushio vitakapokuwa tayari ataomba ukaguzi upya kwa anwani yake mwenyewe, na mpaka wakaguzi wa UNBS wafike, duka la Ntinda limekubali kumsubiri kwa mifuko ishirini badala ya arobaini.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda naye. Askari alikuwa yuleyule. Aliisoma barua ya msimamizi mpaka mwisho, akaitoboa na kuitia kwenye faili, akafungua daftari. Aliandika jina, akaandika Arua, akaandika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alipofika kwenye safu tatu za mwisho, kalamu ilisimama. Kisha akachukua rula kutoka kwenye droo, akapiga mstari mwembamba ukingoni mwa ukurasa, na ndani yake akaandika kwa herufi kubwa: MAEMBE.